Deki ya CD ya zamani: pima kabla ya kuvusha mpaka

Wapenzi wa muziki wanazitafuta tena deki za CD za miaka ya 1980 na 1990. Wanataka deki isome CD tu, kisha ipeleke sauti ya kidijitali kwenye kifaa kingine cha kisasa. Kwa hiyo, mfanyabiashara, kabla hujalipa tazama mgongoni: pana tundu la "Digital Out"? Sony CDP-101, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, haina.

Kisha cheza CD ndefu hadi wimbo wa mwisho. Leza iliyochoka huchelewa kuitambua CD au huruka nyimbo, na leza ya aina yake isipopatikana, umenunua chuma chakavu. Trei ikigoma kufunguka, usiikatae: mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea, na hubadilishwa. Vumbi la lenzi lifute taratibu kwa pamba na spiriti safi.

Mwisho, soma volti. Deki ya soko la Japani hutumia volti 100. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala umeme ni 230 au 240. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha umeme, itaungua. Ijumlishe bei ya transfoma hiyo unapopatana.