Kivinjari ndicho kompyuta yako, lakini mwenyewe ni nani?

Hebu hesabu kazi ambazo msee wa mtaani anaweza kupiga leo bila kupakua chochote. Anaandika CV kwenye Google Docs, anarekebisha poster ya hafla kwenye Photopea, anaingia eCitizen kuomba cheti, kisha anamalizia na video YouTube. Kazi zote nne zinapita kwenye dirisha moja tu, kivinjari. Hapo naongelea Chrome, Firefox, Opera na wenzao.

Hii raha haikuja bure. Na kama hustle yako inaishi mtandaoni, ni vizuri ujue ilikotoka.

Tim Berners-Lee aliunda kivinjari cha kwanza mwaka wa 1990 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Kilikuwa cha kusoma na kuandika maandishi. Mwaka wa 1993, Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakatoa Mosaic, iliyoweka picha na maandishi kwenye ukurasa mmoja. Watu wa kawaida wakaanza kuskia utamu.

Shida ni kwamba ukurasa ulikuwa kama bango la ukutani. Unasoma, basi. Ukibonyeza kitu, kila kitu kinafutika na ukurasa unaanza kujipakia upya. Kampuni zikaona mwanya, zikaleta programu za kubandika ndani ya kivinjari ili kurasa zipate uhai. Iliyovuma zaidi ilikuwa Flash. Mwaka wa 2002 wenyewe, Macromedia, wakaja na jina la programu tajiri za intaneti, yaani zinakaa mtandaoni lakini zinafanya kazi kama zile umeweka kwa kompyuta. YouTube ilipoanza mwaka wa 2005 ilikuwa inacheza video kwa Flash. Microsoft nao wakaleta Silverlight mwaka wa 2007.

Ilikuwa noma, lakini mtego ulikuwepo. Flash ilikuwa mali ya kampuni moja, na baadaye Adobe waliponunua Macromedia ikawa mali yao. Apple walitoa iPhone mwaka wa 2007 bila Flash ndani. Aprili 2010, Steve Jobs akaandika barua ya wazi kueleza kwa nini: inamaliza betri, usalama wake ni duni na inashikiliwa na Adobe peke yao. Adobe waliizika rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Michezo, katuni na tovuti nzima zilizojengwa kwa Flash zikazimika nayo. Internet Archive wanaokoa baadhi kwa programu inayoitwa Ruffle, lakini si zote.

Sasa linganisha na hii. Ule ukurasa wa kwanza wa wavuti, ambao CERN waliurudisha hewani mwaka wa 2013, unafunguka freshi kwenye simu yako leo. Ni mkongwe kuliko wengi wetu tunaosoma hapa, lakini ungali hai. Sababu ni kwamba tarehe 30 Aprili 1993 CERN walitangaza kuwa teknolojia ya wavuti ni ya umma, mtu yeyote aitumie bila kulipa. Hakuna mwenye kuja kuizima.

Wakati Flash inazeeka, kivinjari chenyewe kilikuwa kinapata misuli. Mei 1995, Brendan Eich wa Netscape aliunda JavaScript kwa siku 10 tu. Hiyo ndiyo lugha inayofanya ukurasa ukujibu unapobonyeza. Mwaka wa 1999 Microsoft wakaongeza mbinu ya ukurasa kuvuta data kimyakimya bila kujipakia upya. Ndiyo maana ukisukuma ramani kwenye Google Maps, iliyokuja mwaka wa 2005, vipande vipya vinajitokeza vyenyewe. Kufikia 2014, HTML5 ilikuwa kiwango rasmi, na video ikacheza bila kubandika chochote.

Kwa hivyo tumeshinda? Pole pole. Kuna somo lingine. Mwaka wa 2001 Microsoft walitoa Internet Explorer 6 baada ya kumlaza Netscape. Walipobaki peke yao uwanjani, wakalala. Toleo la 7 lilikuja mwaka wa 2006, baada ya Firefox kuwaamsha kuanzia Novemba 2004. Miaka mitano wavuti ikangoja kampuni moja iamke.

Ushindani pia ndio uliomletea msee wa bando ya mbao Opera Mini mwaka wa 2006. Seva zake zinabana ukurasa kabla haujafika kwa simu, hadi asilimia 90. Programu tajiri zilikuwa zinakwama humo, sawa, lakini mtu wa simu ya vibonyezo aliingia mtandaoni. Kampuni inayofikiria tu watu wa simu kali isingejisumbua hivyo.

Leo angalia chini ya boneti: Chrome, Edge, Opera na Brave zote zinatumia injini moja, Chromium, ambayo Google ndio wanaiongoza. Hata Microsoft waliacha injini yao, na tangu Januari 2020 Edge inaendeshwa na hiyo. Wapinzani wakubwa waliobaki ni Firefox na Safari. Serikali ya Marekani ilitaka mahakama ilazimishe Google kuuza Chrome, lakini Septemba 2025 Jaji Amit Mehta alikataa.

Chromium msimbo wake uko wazi, si kama Flash. Lakini anayeshika usukani ndiye huamua gari litaelekea wapi.

Wewe na mimi hatuwezi kwenda kortini, lakini kuna vitu tunaweza kufanya. Weka kivinjari cha pili chenye injini tofauti na ukitumie kweli. Kama unajifunza kutengeneza tovuti, ijaribu kwenye Firefox na kwenye simu ya bei ya chini kabla ya kumkabidhi mteja. Na kazi yako usiiache kwa huduma moja tu. Pakua nakala kwa aina ya faili ambayo programu zingine zinaweza kufungua. Waliokuwa mabingwa wa Flash hawakukosa kipaji. Nyumba waliyojenga ilikuwa kwenye shamba la mtu.