Kuvuka Mpaka na Mtoto kwa Siku Moja

Labda unafikiri ya kuwa safari ya siku moja si safari. Utaondoka Kasindi asubuhi, utavuka mto Lubiriha, utafika Mpondwe katika inchi ya Uganda, utanunua nguo za shule, utamwamkia shangazi huko Bwera, na kabla ya giza utakuwa nyumbani kwako. Wanande na Wakonzo ni watu wa lugha moja, na mpaka ulipita katikati ya jamaa zao. Kwa hiyo mama humfunga mtoto mgongoni na kwenda kama anavyokwenda kuteka maji. Hachukui chupa ya maji, wala karatasi, wala hauangalii mwili wa mtoto kwanza.

Tunakuomba uuangalie. Kabla ya kufunga mlango, weka mkono wako juu ya kifua na tumbo lake. Je, ana joto? Je, alihara usiku? Alitapika? Anakataa kunyonya? Ana vipele? Basi, safari ya soko imekwisha kwa leo. Mpeleke kwenye dispansari iliyo karibu nawe. Nguo za shule zitangoja.

Wakati wa ugonjwa mkubwa, watu wa afya husimama barierini na kipima-joto na maji ya kunawa. Wamama wengine huwaogopa. Husikia ya kuwa mtoto mwenye homa atazuiwa, nao humpa parasetamoli njiani ili mwili upoe kabla ya kufika. Mama, dawa ile hushusha homa tu, haiondoi ugonjwa. Umekidanganya kipima-joto, lakini ugonjwa umevuka pamoja nanyi, na munganga wa ng'ambo hajui neno.

Sikilizeni mambo yaliyotokea mahali hapo hapo katika mwaka wa 2019. Wakati ule Ebola ilikuwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020, nayo iliua watu 2.287. Katika mwezi wa 6 wa 2019 jamaa moja iliyoishi Uganda ilikuwa imekuja Congo kumwona babu mgonjwa. Babu akafa. Waliporudi, mtoto wa miaka 5 alikuwa mgonjwa tayari. Walivuka naye, wakamfikisha hospitali ya Kagando, na waganga wa huko wakaanza kufikiri juu ya Ebola. Mtoto akafa. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 walikufa pia katika siku hizo.

Nani atawahukumu? Mtu akifiwa hutaka kurudi nyumbani na watoto wake. Lakini angalieni jambo la pili. Mwishoni mwa mwezi wa 8, mwaka ule ule, mtoto msichana wa miaka 9 alitoka Congo na mama yake kutafuta dawa. Walipita langoni Mpondwe. Watu wa kipima-joto waliona dalili zake, wakamtenga, wakampima damu. Ilikuwa Ebola. Kwa huzuni kubwa naye alikufa, lakini hakumwambukiza mtu hata mmoja katika Uganda.

Ebola hukaa ndani ya mwili siku 2 mpaka 21 kabla ya kujionyesha, na katika siku hizo mtu hawaambukizi wengine. Huanza kuambukiza dalili zinapoanza, nayo homa mara nyingi hutangulia. Ndiyo sababu homa inaulizwa langoni. Ukivuka kwa kutafuta munganga, hiyo si aibu. Pita langoni na useme wazi: mtoto huyu ana homa tangu siku fulani, nasi tulikuwa katika kilio cha fulani. Usizunguke kwa njia za pembeni. Tena mto ule hutoka milimani. Mvua ikinyesha juu, maji huja kwa nguvu hata kama kwako jua linawaka, na mtoto aliye mgongoni hawezi kuogelea.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikiri. Katika Congo motokari hupita upande wa kuume, katika Uganda hupita upande wa kushoto. Mtoto aliyefundishwa vizuri kwetu hutazama upande usiofaa akiwa kule, na malori ya mpakani ni mengi. Umshike mkono, asikutangulie.

Saa nazo si moja. Saa ya Uganda iko mbele ya saa yetu ya Kasindi kwa saa nzima. Simu yako ikisema saa kumi, kwao ni kumi na moja. Wengine wamesahau hili wakakuta lango limefungwa, na mtoto akalala barazani na kuumwa na mbu.

Andika jina la mtoto, jina lako na namba ya simu juu ya karatasi, uishone ndani ya mfuko wake. Anza namba na 243, kwa maana bila hiyo mtu wa Uganda akikuita hatakupata. Na kama shangazi ndiye anayemchukua, apewe cheti cha kuzaliwa na barua ya wazazi.

Sindano ya homa ya manjano hutolewa tangu miezi 9, na kinga yake huhesabiwa kuanzia siku ya 10. Kuchomwa jana ili kuvuka leo hakufai. Chukua maji yaliyochemshwa katika chupa yako, na chakula kiwe cha moto.

Mkiisha kurudi, mtoto akihara sana, mpe maji haya mara moja: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visivyojaa kupita ukingo. Anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kwa munganga. Homa ikimshika usiku ule ule, usiseme chakula cha shangazi kimemroga, wala usiseme ni mbu wa Uganda, kwa maana malaria hungoja siku 7 au zaidi baada ya kuumwa. Homa hiyo huenda mliondoka nayo. Lakini ikija katika majuma 3 yanayofuata, hata kama safari imesahauliwa, mwambie munganga mlivuka siku gani, mlilala wapi, na mlimkuta nani mgonjwa.