Mtoto Akisema, Nani Ataitika?

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la BMC Psychiatry lilichapisha taarifa ya watoto sita wa Kisomali waliokuwa wakiishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 17, na wote waliugua kiwewe cha vita. Anayeugua kiwewe cha namna hii hulala akaota yaleyale aliyoyakimbia. Hushtuka kwa kishindo kidogo. Hukwepa watu, mahali na mazungumzo yanayomrudisha kule. Shuleni huonekana mzembe au mkorofi, na pengine huchapwa kwa sababu hiyo.

Lamaro Patience Onyut na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, waliwapa watoto hao tiba ya kusimulia. Mtoto hunyoosha kamba sakafuni, nayo huwa ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa hadi leo. Palipokuwa na furaha huweka ua, palipokuwa na msiba huweka jiwe. Kisha husimulia kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka. Wakifika kwenye jiwe, mtaalamu hamharakishi. Humuuliza: ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, ulisikia nini, moyo ulifanyaje, na sasa hivi unaponieleza mwili wako unahisi nini? Maneno ya mtoto huandikwa, na kikao kinachofuata husomewa ayarekebishe. Vikao vilikuwa vinne hadi sita tu. Dalili zilipungua sana, na watoto walipopimwa tena baada ya miezi tisa nafuu ilikuwa bado ipo.

Kwa nini kusimulia kuponye? Jibu liko katika jinsi ubongo unavyohifadhi hofu. Mtu anapokabiliwa na kifo, amigdala, sehemu ya ubongo inayosimamia hofu, hunasa harufu, sauti na maumivu kwa nguvu kubwa. Hipokampasi, ambayo kazi yake ni kulifunga tukio na mahali pake na wakati wake, huzidiwa. Kumbukumbu inabaki imekatikakatika, haina tarehe. Ndiyo maana harufu ya moshi wa jirani anayechoma taka inaweza kumrudisha mtoto kijijini kwao usiku ule nyumba zilipoungua, na mwili wake ukaitika kana kwamba ni sasa. Kusimulia kwa utaratibu, mbele ya mtu mzima asiyetishika, kunalirudishia tukio tarehe na mahali pake. Huzuni haiondoki, lakini mtoto anaanza kujua kwamba jambo lile lilitokea na likaisha.

Watoto sita ni wachache mno kuthibitisha chochote, na waliowatibu walikuwa wataalamu waliobobea. Hapo ndipo Nakivale inapoleta swali gumu zaidi. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Tangu hapo wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kila vita na watu wake. Leo idadi yao imepita laki moja na nusu, wametawanyika katika vijiji kuzunguka Ziwa Nakivale, na Kiswahili cha Kongo kinasikika mchana kutwa katika soko la Base Camp, mojawapo ya maeneo ya makazi hayo. Hospitali ya rufaa iko Mbarara, safari ya gari ambayo kwa mama mwenye watoto wanne na asiye na nauli ni mbali kweli. Daktari wa akili hawezi kuwafikia wote hawa hata akikesha.

Basi kundi lilelile la watafiti likajaribu jambo lingine, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Nakivale. Waliwachukua watu kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada ya udaktari wala ya saikolojia, wakawafundisha kwa wiki sita. Kisha wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali wenye kiwewe waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: 111 walipata tiba ya kusimulia, 111 walipata ushauri nasaha wa kawaida, na 55 walifuatiliwa tu bila tiba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa Frank Neuner. Mwisho wa ufuatiliaji, asilimia 70 ya waliosimulia na asilimia 65 ya waliopata ushauri hawakuwa tena na ugonjwa huo. Katika kundi lililoachwa bila tiba, waliopona walikuwa asilimia 37.

Makundi mawili ya tiba yanakaribiana, na wapo waliosema tofauti hiyo ni ndogo mno kuipigia mbiu. Lakini tazama walioacha njiani: kati ya waliopewa ushauri wa kawaida waliacha asilimia 21, kati ya waliosimulia asilimia 4 tu. Mahali ambapo watu huhama ploti, hukimbilia vibarua na huogopa kuonekana wana wazimu, tiba inayomfanya mtu arudi kikao cha sita ina thamani yake. Na aliyeketi naye ni jirani, mkimbizi mwenzake anayejua lugha yake.

Msomaji atauliza: hao ni watu wazima, mtoto anahusikaje? Anahusika sana. Utafiti uliofanywa katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo na Adjumani, nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mlezi anapozama katika sonona, kijana anayelelewa naye huelekea kuwa na dalili za sonona na wasiwasi pia. Mama asiyelala usiku kwa sababu ya picha zilizomganda kichwani hana subira asubuhi. Baba aliyepoteza shamba, kazi na heshima yake huona dharau hata pale ambapo mtoto amechelewa tu kuitika. Kumtibu mlezi ni sehemu ya kumlinda mtoto, ingawa katika bajeti nyingi hayo mawili huandikwa kurasa tofauti.

Tumezoea kudhani kwamba hatari ya mtoto mkimbizi ilibaki ng'ambo ya mpaka. Takwimu zinakataa. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha London cha afya ya jamii na magonjwa ya tropiki, wakishirikiana na shirika la Raising Voices la Kampala, waliwahoji wanafunzi zaidi ya 3,700 katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, wilaya isiyo ya wakimbizi. Zaidi ya asilimia 90, wavulana kwa wasichana, walisema wamewahi kupigwa na wafanyakazi wa shule. Viboko shuleni vilikuwa vimekatazwa na wizara ya elimu kwa miaka, na mwaka 2016 Bunge la Uganda likaviharamisha waziwazi katika marekebisho ya Sheria ya Watoto. Hata hivyo fimbo bado imo katika madarasa mengi, nyuma ya mlango au juu ya kabati, na mtoto aliyetoka Masisi au Uvira, mashariki mwa Kongo, akiwa na masikio yanayoshtuka huketi akiitazama.

Je, mwalimu anaweza kubadilika? Luwero walijaribu. Shule zilizopata programu ya Raising Voices zilifanya kazi kwa miezi 18: mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi na wazazi, wote waliingia. Mwishoni, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31, dhidi ya karibu asilimia 49 katika shule ambazo hazijaguswa. Nchini Tanzania, Mabula Nkuba na wenzake waliwapa walimu wa sekondari mafunzo ya siku chache tu kuhusu namna ya kuwasiliana na wanafunzi bila kuwapiga, na kipigo kikapungua. Joseph Ssenyonga wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara, aliyeanza kwa kuchunguza kiwewe miongoni mwa wakimbizi wa Kikongomani, akaipeleka kazi ya namna hiyo katika shule za sekondari za kusini-magharibi mwa Uganda.

Lakini si kila jaribio lilizaa. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, watafiti walijaribu programu ya walimu iliyoitwa EmpaTeach katika shule 27 za Wakongomani na Warundi. Walimu walikutana kwa vikundi, wakajifunza kutuliza hasira na kuongoza darasa. Matokeo ya mwaka 2021 yalisema wazi kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa viboko vilipungua. Nawaheshimu watafiti waliochapisha matokeo hayo badala ya kuyafungia kabatini. Ukiweka Luwero na Nyarugusu pamoja, tofauti moja inajitokeza: Luwero shule nzima ilihusishwa, wazazi pia, na Nyarugusu mzigo uliwekwa juu ya mwalimu peke yake, ndani ya kambi, na darasa lililofurika. Mwalimu anayefundisha watoto mia moja kwa ujira wa kukimu tu anahitaji zaidi ya somo la kupunguza hasira.

Nimekuwa nikiitaja idadi ya waliohojiwa kana kwamba kuhoji ni kuokota maembe chini ya mti. Sivyo. Ukimuuliza mtoto wa miaka 12 kama kuna mtu aliyemgusa asivyotaka, na akajibu ndiyo, umeshaingia katika maisha yake. Huwezi kufunga daftari ukapanda gari kurudi Mbarara. Watafiti wa Luwero walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba mtoto atakayeeleza hatari atapelekwa kwa wenye mamlaka ya kumlinda, naye mtoto alielezwa hivyo kabla ya kuanza. Katika awamu ile ya 2012 watoto 529 walipelekwa, yaani mtoto mmoja katika kila saba waliohojiwa.

Kisha wakafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: walifuatilia yaliyowapata. Kati ya watoto 529, waliopata huduma iliyofikia kiwango cha chini kabisa kinachostahili walikuwa 20. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi, na bado inaniuma. Mfumo wa kupokea malalamiko ulikuwapo kwenye karatasi. Ofisa ustawi alikuwapo, lakini hana mafuta ya pikipiki. Polisi walikuwapo, lakini kesi ya mtoto aliyepigwa na mwalimu haikuonekana kuwa kesi.

Mwaka 2022 Uganda ilifanya utafiti wa kwanza wa aina yake duniani: uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto na vijana, wenye umri wa miaka 13 hadi 24, katika makazi yake yote ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo. Ulimwengu ulikuwa umewahi kuzihesabu nchi, haukuwahi kuwahesabu wakimbizi peke yao. Ni hatua inayostahili sifa, nami naitoa bila kusita. Ila kwa mtoto wa Juru au Rubondo, maeneo ya Nakivale, kuhesabiwa ni nusu ya kwanza ya ahadi.

Nusu ya pili, yaani kumlinda aliyehesabiwa, inaangukia watu wachache sana. Mtoto anapofika mpakani peke yake, maofisa humwandikisha na kuuliza kama hana mtu kabisa au ametengana na wazazi lakini yuko na ndugu. Msalaba Mwekundu huanza kuwatafuta wa kwao. Kwa kuwa utafutaji huchukua muda, na mara nyingine haupati mtu, mtoto hutafutiwa familia ya kumlea palepale, kwa kawaida ya kabila au taifa lake, ale chakula anachokijua na asemeshwe kwa lugha yake. Uamuzi huu una ushahidi mzito nyuma yake. Huko Bucharest, Romania, watoto 136 waliokuwa katika vituo vya yatima waligawanywa kwa bahati nasibu kuanzia mwaka 2001, wengine wakapelekwa kwa familia za malezi. Waliopata familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, waliwapita wenzao kwa akili, kwa lugha na kwa uwezo wa kushikamana na mtu. Nakivale haikungoja Bucharest. Shangazi Mkongomani aliyempokea mtoto asiye wake alikuwa akifanya hivyo kabla ya jarida lolote kuchapisha.

Lakini shangazi huyo naye anakula. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likikosa fedha, liliwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wao. Mgao ukapunguzwa kwa wengi, na waliodhaniwa wanajiweza wakaondolewa. Sahani iliyokuwa ikigawanywa kwa watoto watano inagawanywa kwa sita, na wa sita ndiye mgeni. Asiyeweza kulishwa huanza kuonekana mzigo, huachishwa shule akachunge au akauze maji, au huozwa. Programu ya malezi bora iliyobuniwa vizuri kupita zote haitafika mbali katika nyumba ambayo jioni haina posho.

Kwa hiyo ningependa kila anayepanga utafiti mwingine Nakivale aandike katika bajeti yake, mstari wa kwanza na si wa mwisho, mshahara wa ofisa atakayepokea majina ya watoto walio hatarini, mafuta ya pikipiki yake, na washauri wakimbizi kumi wa kufundishwa wiki sita. Namba ya simu ya watoto nchini Uganda, 116, inayoitwa Sauti, hupigwa bure. Mtoto anayeipiga kutoka ukingoni mwa ziwa anahitaji kwamba baada ya sauti hiyo afike mtu, kabla giza halijaingia, katika nyumba aliyoitaja.