Sauti Katika Sahani na Sauti Itokayo Mbali

Mtu aendaye Forodhani jioni, katika mji wa Unguja, huona mambo mengi kwa mara moja. Nyuma yake iko Ngome Kongwe, mbele yake bahari. Na katika bustani ile, iliyotengenezwa mwaka 1936, wachuuzi huwasha taa zao, wakauza urojo, mishikaki na maji ya miwa. Vijana hukimbia juu ya ukuta wakajitosa majini. Lakini akitega sikio atasikia nyimbo pia. Mchuuzi mmoja ameegemeza simu yake juu ya sanduku, nayo inaimba taarab. Simu ile haina sahani ndani yake, wala utepe, wala sindano. Basi wimbo unatoka wapi?

Jina la Forodhani latokana na forodha, maana zamani hapo ndipo mizigo ya vyombo iliposhushwa na kutozwa ushuru. Zamani wimbo nao ulikuwa mzigo. Ulikuja kwa meli, ndani ya sanduku, umefungwa vizuri usivunjike.

Msomaji huenda amekwisha kusikia habari za Siti binti Saad. Alizaliwa kijijini Fumba, kusini ya mji, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watu maskini wafinyanzi. Hakusoma shule. Alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza, na watu walimjua kwa sauti yake alipokuwa angali mbali, hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji wa taarab, hata akawa na kundi lake. Mwaka 1928 kampuni ya Kiingereza yenye alama ya mbwa asikilizaye santuri, His Master's Voice, ilimpeleka yeye na wenzake mpaka Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, ili sauti zao zitiwe katika sahani. Sahani zile zilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa zenye nyimbo za Kiswahili. Zikarudi Unguja, zikaenda Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na bara, zikauzwa kwa maelfu. Mtu asiyekuwa na santuri yake alikwenda mkahawani, akaagiza kahawa, akasikiliza pamoja na wengine.

Sasa tuitazame sahani yenyewe. Ni nyeusi, upana wake kama sentimita 25, na juu yake umechimbwa mfereji mmoja mwembamba sana, uzungukao kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba mfereji huo haukunyoka, bali umepindapinda. Kupindapinda kule ndiko sauti. Maana sauti ni mtikisiko wa hewa. Mwimbaji alipoimba, mtikisiko ule ulifanywa utikise chuma kilichokuwa kikichora, nacho kikauandika. Basi ukitaka kuisikia tena, wafanya kinyume. Watia ufunguo santuri kwa mkono mpaka kamani yake ikaze. Sahani yazunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma yafuata mfereji, yatikisika. Kiwambo kidogo chatikisika pamoja nayo, na pembe pana yaikuza sauti mpaka chumba kizima kisikie. Hakuna umeme hata kidogo. Mimi naona ni ajabu kubwa kuliko simu, ingawa watoto hawakubali.

Lakini sahani ilikuwa na kasoro zake. Upande mmoja ulichukua dakika tatu tu, au zaidi kidogo. Wimbo wa taarab, uimbwao barazani usiku kucha, hauna haja ya kutazama saa: waimbaji hurudia ubeti kwa kadiri wasikilizaji wapendavyo, na wasikilizaji huinuka kwenda kuwatunza. Mbele ya chombo cha kunasa sauti, Siti alipaswa kumaliza kabla sahani haijaisha, au kuukata wimbo, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Hivyo yaliyomo katika sahani si taarab kamili ya siku zile.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Sindano ya chuma ilikuwa nzito juu ya mfereji, na kila ilipopita ilikwangua kidogo. Ndiyo maana watu walibadili sindano kila mara. Lakini sahani haikubadilika, ilizidi kuchakaa. Fikiri maana yake. Wimbo uliopendwa sana ndio uliochezwa sana, na uliochezwa sana ndio uliokufa kwanza. Sahani iliyobaki nzuri mpaka leo mara nyingi ni ile iliyowekwa sandukuni kwa sababu hakuna aliyeijali.

Wimbo wa simu hauchakai hata kidogo, kwani si mfereji, bali ni hesabu. Mashine huupima mtikisiko wa hewa kwa haraka mno, aghalabu mara 44,100 kwa sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo huwekwa katika mashine kubwa za kuhifadhi, pengine katika nchi ya mbali. Mchuuzi wa Forodhani akigusa jina la wimbo, ombi lake huenda kwanza kwenye mnara wa simu, kisha hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Na wimbo hurudi vipande vipande, simu ikiviunga na kuweka akiba kidogo mbele, ili usikatike. Kwa hiyo husemwa kwamba wimbo unatiririka, kama maji ya mfereji. Waya wa bahari si jambo geni Unguja: waya wa simu za maandishi uliunganisha kisiwa hiki na Aden tangu mwaka 1879. Siku zile ulichukua maneno machache kwa gharama kubwa. Leo nyaya za namna nyingine, za kioo kilicho chembamba kama unywele, huchukua nyimbo zisizo na idadi.

Ni faida kubwa. Mtoto wa Fumba aweza kusikia nyimbo za nchi yo yote, bila sanduku wala meli. Lakini maji ya mfereji hukatika. Aliyekuwa na sahani alikuwa na wimbo wenyewe nyumbani mwake, aweza kumwazima jirani au kuwarithisha wanawe. Aliye na simu aghalabu ana ruhusa tu ya kusikiliza. Mwenye mashine akiuondoa wimbo, umeondoka kwa watu wote siku moja.

Tena, maji yatiririkayo ni yale tu yaliyomiminwa kisimani. Watu wengi hudhani kwamba simu ina nyimbo zote za duniani. Sivyo. Wimbo wa mwaka 1928 hauingii humo mpaka mtu mmoja aitafute sahani nzima, aicheze taratibu kwa sindano iifaayo, na kuigeuza sauti kuwa tarakimu, pamoja na mikwaruzo yake. Sahani kadhaa za Siti zimekwisha kufanyiwa hivyo. Nyingine zimevunjika, nyingine zimechakaa, na nyingine labda zingali chini ya vitanda mjini Unguja. Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950, na waliomsikia kwa masikio yao karibu wote wamekwisha.

Basi, ukikuta sahani nyeusi nzito katika sanduku la bibi yako, usiipinde, maana huvunjika kama kigae. Wala usiisafishe kwa spiriti. Sahani hizo zilifanywa kwa unga wa mawe uliochanganywa na lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, ule ule uliotumiwa kutilia barua muhuri. Na spiriti huuyeyusha, sauti ikaondoka pamoja na vumbi. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Usiilaze chini ya vitu vizito, wala usiiache juani. Isimamishe wima, kama kitabu rafuni, kisha mwulize bibi ni nani aliyekuwa akiimba.