Togwa na Mtama: Ulinzi wa Tumbo

Singida ni mkoa wa mvua chache, na huko mtama na uwele hustahimili ukame kuliko mahindi. Nafaka hizo zikisagwa bila kukobolewa, ugali wake ukaliwa kwa mlenda, mlaji hupata kitu ambacho sembe nyeupe hupoteza mashineni: makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula.

Tumbo la binadamu haliwezi kuyameng'enya. Hupita mpaka utumbo mpana, ambako bakteria huyachachusha na kutoa asidi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Seli hizo zikilishwa vizuri, ukuta hukaza na vijidudu hupata taabu kupenya. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa makapimlo yakikosekana, baadhi ya bakteria hao hugeukia ute unaoufunika ukuta na kuula.

Togwa, yaani uji uliochachushwa, huanza kazi mapema zaidi, ingali chunguni. Uji uliopoa hutiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Kimea huulainisha uji, kisha bakteria hula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Baada ya siku moja hivi pH huweza kushuka hadi 4, ukali unaozuia vijidudu vingi vya kuhara kuzaana. Kwa nyumba isiyo na jokofu, hilo si jambo dogo.

Watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walifuatilia watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji viwili vya Tanzania kwa miezi tisa. Waliozoea uji uliochachushwa waliharisha wastani wa mara 2.1; wenzao, mara 3.5. Vijiji viwili havitoshi kufunga mjadala, lakini utafiti mwingine wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1999, nao ulikuta vijidudu vya kuhara vikipungua kwenye kinyesi cha watoto waliolishwa togwa.

Hata hivyo, asidi haifuti uchafu wote. Tumia maji safi, na kimea kikauke vizuri kisiote ukungu, kwa kuwa sumukuvu haiondoki yote kwa kuchachusha. Ukiichemsha togwa iliyokwisha kuchacha, bakteria wake hufa, ingawa asidi hubaki. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, na zinki kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Akiwa na damu kwenye choo au akilegea, mwahishe zahanati: togwa ni kinga, si dawa.