Rekodi za Mto Kalambo: Gogo Lililompita Mwanadamu kwa Umri

Wengi wanaotoka Sumbawanga wakapita Matai hadi Kapozwa hufuata rekodi moja tu: maporomoko ya Kalambo, ambako maji ya uwanda wa Ufipa huanguka zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja, kisha yakaelekea Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina. Ni fahari ya haki. Lakini rekodi nzito zaidi ya mto huu haionekani ukiwa umesimama gengeni. Ilikuwa imefukiwa mchangani, juu ya maporomoko, ng'ambo ya Zambia.

Mwaka 2019, timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilifukua hapo magogo mawili yaliyopandana. La juu, la mti wa jamii ya mlama, lina urefu wa sentimita 141 hivi na lilichongwa pengo ili likalie la chini bila kuteleza. Umri wake ni miaka 476,000, pengine 23,000 zaidi au pungufu. Huo ndio ujenzi wa miti wa kale kuliko wote unaojulikana duniani. Masalia ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana miaka 300,000 hivi. Fundi wa Kalambo alitangulia mbali.

Tusimpe taji lisilo lake, hata hivyo. Kwa zana za mawe, ukongwe ni wa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, miaka milioni 3.3. Kwa mti uliolainishwa kwa mkono, kuna kipande cha ubao cha Gesher Benot Ya'aqov, Israeli, cha miaka 780,000. Taji la Kalambo ni la kuunganisha: miti miwili ikafanywa kitu kimoja.

Subira nayo inastahili kutajwa. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alilitambua eneo hili mwaka 1953, akachimba na kukuta mashoka ya mkono ya mawe katika matabaka yaliyopangana hadi enzi ya chuma. Alikuta miti pia, ila kipimo cha kaboni hukoma kwenye miaka 50,000 hivi, na umri ukabaki fumbo. Juzuu ya tatu na ya mwisho ya kazi yake ilitoka 2001. Alifariki mwaka uliofuata. Jibu lilikuja baadaye kwa luminesensi, mbinu inayopima ni lini chembe za mchanga ziliona jua kwa mara ya mwisho. Geoff Duller wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth ndiye aliyeongoza upimaji huo, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature, Septemba 2023.

Kwa nini mti haukuoza? Maji ya ardhini yaliuloweka daima, hewa ikakosa njia. Kwingineko mawe pekee hubaki, nasi tukaziita zama zote hizo za mawe. Kalambo imehifadhi pia kabari na kijiti cha kuchimbia, vya kati ya miaka 390,000 na 324,000. Magogo yale huenda yalikuwa njia ya kupitia tope au msingi wa kibanda. Kwa vyovyote, yaelekea waliyaweka watu waliokusudia kukaa pale.