Kivu Kaskazini: Utafiti wa kilimo wawapa wakulima wa Masisi na Walikale njia ya kuokoa migomba

Ni Bwere, wilayani Masisi, mwaka 2001, ambako mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana mara ya kwanza nchini Kongo. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Familia hukosa chakula, kasiksi ya kuuza na pesa za shule.

Miongoni mwa watafiti waliothibitisha ugonjwa huo ni Vigheri Ndungo, wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, Butembo.

Hapo awali wakulima walishauriwa kung'oa mgomba mgonjwa pamoja na machipukizi yake yote. Baadaye utafiti ulionyesha kuwa bakteria hawafikii kila chipukizi. Sasa inatosha kukata mgomba unaoumwa peke yake, karibu na udongo, kisha kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mwingine.

Katika milima ya Masisi, panga lenye uchafu ndilo hueneza zaidi ugonjwa. Kwenye misitu ya Walikale, chini na penye joto, wadudu pia huubeba kutoka ua hadi ua. Hivyo ua la kiume huvunjwa mapema, kwa kijiti chenye panda.

Lakini shamba linapaswa kukaguliwa mara kwa mara. Vita vikiwakimbiza wenye mashamba, mgomba mmoja mgonjwa hubaki bila wa kuukata.